Ayub Kalule: kutoka Kampala hadi Akita

Mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa yalifanyika Havana, Kuba, Agosti 1974. Dhahabu zilikuwa 11. Wakuba, wakiwa nyumbani na mashabiki wao, walizoa tano. Wasovieti walichukua mbili. Nne zilizobaki zilikwenda kwa watu ambao mpenzi wa ngumi wa rika lile anawataja bila kufikiri: Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, Howard Davis wa Marekani, Mate Parlov wa Yugoslavia, na katika kilo 63.5, Ayub Kalule wa Uganda, kijana wa miaka 20.

Hakuna Mwafrika mwingine aliyetwaa dhahabu Havana. Hata hivyo, ukiwauliza wapenzi wa ngumi wa Dar es Salaam au Nairobi leo wakutajie mabondia wa Uganda, utaanza kusikia habari za John Mugabi, yule waliyemwita "Mnyama", kabla hujasikia habari za Kalule. Mugabi alikuwa akiangusha watu, na anayeangusha watu hukumbukwa. Kalule alikuwa akiwashinda tu, raundi baada ya raundi, na kazi ya namna hiyo haisimuliwi vijiweni. Kwa hesabu yoyote ya haki, hata hivyo, yeye ndiye aliyetangulia: Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa, baada ya kuwa bingwa wa dunia wa ridhaa.

Kabla yake: kambi, shule na Lugogo

Uganda ilizipokea ngumi kutoka kwa wakoloni kupitia shule na kambi za jeshi, na kambi ndizo zilizozipa nguvu. Katika kikosi cha King's African Rifles ngumi zilikuwa sehemu ya maisha ya askari, na aliyejua kupiga aliangaliwa kwa jicho jingine na maofisa wake. Mmoja wa walionufaika alikuwa askari mrefu, mpana wa kifua, aliyeshikilia ubingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi kuanzia 1951 hadi 1960. Jina lake Idi Amin.

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ngumi zilikuwa tayari zimekomaa. Mwaka huohuo George Oywello alishinda dhahabu ya uzito wa juu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth, Australia. Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 ilileta medali mbili, zote za ngumi: fedha ya Eridadi Mukwanga na shaba ya Leo Rwabwogo. Kutoka Michezo ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Mohamed Muruli na Benson Masanda wakarudi na dhahabu. Olimpiki ya Munich mwaka 1972 watu wanaikumbuka kwa John Akii-Bua na dhahabu yake ya mita 400 kuruka viunzi, lakini Rwabwogo naye alipanda jukwaani tena, safari hii kwa fedha. Nchi ndogo isiyo na pwani ilikuwa imegeuka taifa la kuogopwa ulingoni.

Hiyo ndiyo Kampala aliyokulia Kalule, aliyezaliwa Januari 1954. Ilikuwa na vilabu vya mitaani, timu za jeshi, polisi na magereza zilizokamiana mwaka mzima, na ukumbi wa Lugogo uliofurika siku za mapambano. Timu ya taifa iliitwa Bombers. Walimu kama Grace Seruwagi, aliyewanoa wengi wa kizazi kile, walikuwa na vijana wa kuchagua.

Januari 1971 yule bingwa wa zamani wa uzito wa juu mwepesi alitwaa nchi kwa mtutu. Sitamsafisha Amin kwa habari za michezo. Waliouawa chini ya utawala wake ni wengi mno kwa mzaha wa aina hiyo. Lakini historia ya ngumi za Uganda haiandikiki bila kusema kwamba kiongozi wa nchi alikuwa bondia, kwamba alipenda kuonekana na mabondia, na kwamba jeshi lililokuwa likizidi kula bajeti ya taifa ndilo pia lililolisha timu nyingi. Mwaka 1973 alitangaza hata Kiswahili, ambacho Waganda wengi walikihesabu kuwa lugha ya askari, kuwa lugha ya taifa. Kambi ilikuwa imehamia ikulu.

1974: dhahabu mbili ndani ya miezi saba

Mwaka wa Kalule ulianza Christchurch, Nyuzilandi, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Januari na Februari 1974. Alipigana uzito mwepesi, kilo 60, na akashinda dhahabu. Muruli, ambaye sasa alikuwa amepanda uzito wa welta, alichukua nyingine. Uganda iliondoka na wapiganaji wawili mabingwa, mmoja mkongwe na mmoja anayechipukia.

Kufika Agosti, Kalule alikuwa ameongeza kilo tatu na nusu. Mwili wa kijana wa miaka 20 hukua, na kocha mwenye busara haushindanishi na mizani. Humwacha mtu apande. Havana aliingia kama bondia wa welta nyepesi. Alikuwa mashoto, yaani mguu na mkono wa kulia mbele, kushoto kukiwa ndiko kwenye mzigo. Mabondia wengi wa ridhaa wa wakati ule hawakupenda kabisa kukutana na mashoto. Katika raundi tatu za dakika tatu, ukipoteza raundi ya kwanza ukitafuta namna ya kusimama mbele yake, umebakiwa na dakika sita za kurekebisha mambo. Kalule hakuwapa wapinzani dakika hizo. Alisogea mbele, akapiga jabu ya kulia, akaingiza kushoto, akaendelea kusogea. Fainali alimshinda Vladimir Kolev wa Bulgaria.

Inafaa kutazama waliopanda jukwaa la Havana walikwenda wapi baadaye, maana njia zao zinaeleza njia ya Kalule. Teófilo Stevenson, bingwa wa uzito wa juu, alibaki Kuba maisha yake yote. Nchi yake ilikuwa imefuta ngumi za kulipwa, ikamtunza kama hazina ya taifa, naye akazikataa fedha za mapromota wa Marekani. Howard Davis alisubiri Olimpiki ya 1976, akaibuka na dhahabu na tuzo ya bondia bora wa mashindano, kisha akaingia kwenye malipo kwa mkataba mnono wa televisheni. Gómez alijitosa mapema na akawa bingwa wa dunia mwaka 1977. Parlov, mtu wa nchi ya kijamaa, aliruhusiwa kupigana kwa fedha na kufikia Januari 1978 alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi.

Kila mmoja wao alikuwa na kitu nyuma yake: dola iliyomtunza, au soko lililomngoja. Kalule alikuwa na nini?

1976: Montreal inapita, Copenhagen inafunguka

Agosti 1972 Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 za kuondoka. Maduka na viwanda viligawiwa kwa askari na wapambe wao, na ndani ya miaka michache sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vitu vya kutafutwa. Neno "magendo" likaingia katika maisha ya kila siku ya Kampala. Katika uchumi wa namna hiyo dhahabu ya dunia ilimpa mtu heshima, picha gazetini na kushikwa mkono na rais. Haikumpa mshahara wa kudumu, wala hapakuwa na ngumi za kulipwa nchini zenye uwezo wa kumlisha bondia wa kiwango chake.

Copenhagen ilikuwa nazo. Hilo lilikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ni ya kisheria. Iceland ilikuwa imepiga ngumi marufuku tangu 1956. Uswidi ilizifuta zile za kulipwa mwaka 1970, na Norwei ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Denmaki ikabaki kama soko la Skandinavia nzima, na aliyelishika soko hilo alikuwa promota mmoja, Mogens Palle. Shida ya Palle ilikuwa ya kawaida kwa promota wa nchi ndogo: watazamaji anao, mabondia wa hadhi ya dunia hana. Kampala ilikuwa na shida iliyo kinyume. Hazikuchukua muda shida hizo mbili kukutana.

Kalule alipigana pambano lake la kwanza la kulipwa mjini Copenhagen Aprili 1976. Michezo ya Montreal ilikuwa Julai. Bingwa wa dunia wa ridhaa anaondoka miezi mitatu kabla ya Olimpiki! Kwa bondia wa Marekani huo ungekuwa wendawazimu, maana dhahabu ya Olimpiki ndiyo inayompandishia bei. Kwa Mganda wa 1976, matukio yalionyesha kwamba hakupoteza kitu. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zilisusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Uganda ilikuwa miongoni mwazo. Hata angesubiri, asingepigana.

Ususiaji ule ulikuwa wa haki, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba ulichangia kuibana Pretoria. Lakini gharama yake ilibebwa na vijana waliokuwa wamejiandaa kwa miaka minne, na hakuna serikali iliyowafidia. Katika kilo 63.5, uzito uleule ambao Kalule alikuwa bingwa wa dunia, dhahabu ya Montreal ilichukuliwa na Mmarekani mwenye tabasamu la televisheni na miguu myepesi. Jina lake Ray Leonard. Kalule na yeye walikuwa bado hawajaonana. Wangeonana baada ya miaka mitano.

Copenhagen, 1976–1979: raundi tatu zinakuwa kumi na tano

Kutoka ridhaa kwenda malipo si kubadili kaptula. Mtu aliyezoea kumwaga nguvu zote ndani ya dakika tisa anatakiwa ajifunze kuzigawa kwa nane, kumi, na hatimaye kumi na tano, maana siku hizo pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa raundi 15. Wengi waliong'ara kwenye ridhaa walikufia hapo. Kalule alionekana kama aliyetengenezwa kwa ajili yake. Mwendo wake ulikuwa uleule raundi ya kwanza na ya kumi: kichwa chini, jabu ya kulia, hatua mbele, kazi mwilini. Hakuwa na ngumi moja ya kummaliza mtu. Kati ya ushindi wake 46 wa maisha, nusu kamili ndio ulioishia kabla ya kengele ya mwisho. Alichokuwa nacho ni pumzi na ubishi.

Mwili nao uliendelea kupanda. Mei 1978 alipigania taji la Jumuiya ya Madola la uzito wa kati, kilo 72.5, dhidi ya Al Korovou wa Australia mjini Copenhagen. Pambano lilisimamishwa raundi ya 14. Yaani mtu aliyeshinda dhahabu ya Madola katika kilo 60 mwaka 1974 alitwaa mkanda wa Madola wa kulipwa kilo 12 na nusu juu yake, miaka minne baadaye. Sijui mabondia wengi wanaoweza kusema hivyo.

Wadenmaki walimpenda. Alikuwa mpole nje ya ulingo na asiyechoka ndani yake, na kwa mtazamaji aliyelipa kiingilio asiyechoka ni thamani ya fedha. Mganda mwingine, Mustafa Wasajja, alimfuata Copenhagen na kupigana uzito wa juu mwepesi, hadi naye akafika kwenye pambano la ubingwa wa dunia dhidi ya Michael Spinks mwaka 1982, ambalo alilipoteza. Kwa muda, mji mkuu wa ngumi za kulipwa za Uganda ulikuwa kaskazini mwa Ulaya.

1979: nchi inaanguka, bingwa anainuka

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuvamia Kagera. Msomaji wa Tanzania hahitaji kusimuliwa kilichofuata. Katikati ya vita Amin alirudia lugha ya ujana wake: iliripotiwa kwamba alipendekeza yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Mwalimu alijibu kwa namna nyingine. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Yusuf Lule akaapishwa, akadumu siku zisizofika 70, akafuata Godfrey Binaisa. Mji ulikuwa umeporwa, bunduki zilikuwa mitaani.

Miezi sita baada ya Kampala kuanguka, tarehe 24 Oktoba 1979, Ayub Kalule alipanda ulingoni mjini Akita, kaskazini mwa Japani, kupigania mkanda wa shirikisho la WBA wa uzito wa kati mwepesi, usiozidi kilo 69.85. Mpinzani wake Masashi Kudo alikuwa mwenyeji halisi. Mkanda wenyewe alikuwa ameutwaa palepale Akita mwaka uliotangulia kutoka kwa Eddie Gazo wa Nikaragua, alikuwa ameutetea mara tatu, na hakuwa amepoteza pambano hata moja.

Kwenda kumpokonya bingwa mkanda nyumbani kwake, bila kuwa na nokauti ya kutegemea, ni kujikabidhi kwa majaji. Kalule alifanya hivyo na akashinda. Raundi zote 15 zilipigwa, na majaji wote watatu wakampa yeye. Kudo aliondoka na doa la kwanza na la mwisho kwenye rekodi yake. Uganda ilikuwa na bingwa wa dunia wakati ambapo ilikuwa haina uhakika hata wa nani angekuwa rais mwaka unaofuata.

Kwa nini habari ile haikuvuma zaidi? Kwanza, mwezi na mahali. Pambano la Akita halikuwa kwenye televisheni za Marekani, na Kampala yenyewe ilikuwa na mambo mazito zaidi ya kujadili. Pili, mikanda ilikuwa miwili. Uzito huohuo ulikuwa na bingwa wa shirikisho jingine, WBC, Maurice Hope wa Uingereza, na gazeti la Ulaya lingeweza kuchagua wa kumwita bingwa. Tatu, na hili ndilo naliona kubwa, bingwa hakuwa na kwao pa kutetea mkanda. Kudo alikuwa na Akita. Kalule alikuwa na Copenhagen, iliyokuwa kwa Palle.

1979–1980: mkanda Denmaki

Alifanya kazi, na kwa haraka. Desemba 1979, wiki sita tu baada ya Japani, alimshinda Mmarekani Steve Gregory kwa pointi. Aprili 1980 Emiliano Villa wa Kolombia alisimamishwa raundi ya 12. Juni alikuja Marijan Beneš wa Yugoslavia, bingwa wa zamani wa ridhaa wa Ulaya ambaye pia alikuwa mshairi, mashoto mwenye damu ya moto. Raundi 15 tena, pointi tena kwa Kalule.

Utetezi wa nne ndio unaonikwaza hadi leo. Septemba 1980, mjini Aarhus, mpinzani alikuwa Bushy Bester, Mzungu wa Afrika Kusini. Fikiria: miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Uganda iwaondoe vijana wake Montreal kwa sababu ya timu ya nchi nyingine iliyokwenda kucheza Afrika Kusini. Sasa bingwa Mganda anapigana ana kwa ana na Mwafrika Kusini, WBA imebariki, tiketi zimeuzwa. Kalule alishinda kwa pointi. Simlaumu yeye, bondia wa kulipwa anapigana na aliyewekwa mbele yake, na aliyekataa angeweza kupokonywa mkanda. Lakini hapo ndipo tofauti ya ridhaa na malipo inapoonekana wazi kuliko kwenye idadi ya raundi. Katika ridhaa serikali ndiyo iliyokuwa ikiamua usipigane na nani. Katika malipo ni promota na shirikisho.

Mwaka uleule wa 1980 ridhaa ya Uganda ilipata pumzi moja zaidi. Kenya ilifuata Marekani kuisusia Olimpiki ya Moscow. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha. Uganda nayo ilikwenda, na John Mugabi akafika fainali ya kilo 67, akapigwa na Andrés Aldama wa Kuba. Aldama huyo alikuwa ndiye aliyepoteza fainali ya Montreal kwa Leonard. Kabla mwaka haujaisha Mugabi naye alikuwa amehamia ngumi za kulipwa Ulaya. Machi 1981 Mganda mwingine, Cornelius Boza-Edwards, aliyekulia Uingereza, alimshinda Rafael Limón na kutwaa mkanda wa WBC wa uzito wa supa feza. Kwa miezi kadhaa Uganda ilikuwa na mabingwa wawili wa dunia kwa wakati mmoja, wote wakiishi nje.

Houston, 25 Juni 1981

Leonard wa 1981 alikuwa mtu mwingine kabisa na yule wa Montreal. Alikuwa bingwa wa WBC wa uzito wa welta, amemfanya Roberto Durán ageuze mgongo ulingoni Novemba 1980, na alikuwa akielekea kwenye pambano kubwa na Thomas Hearns. Kabla ya hapo watayarishaji walitaka jambo moja: awapande wakubwa kidogo, atwae mkanda wa uzito wa juu yake. Bingwa wa WBA wa uzito huo alikuwa hajapigwa katika mapambano 36. Usiku uleule, katika uwanja wa Astrodome, Hearns naye alipangiwa kupigana na Pablo Baez, ili dunia iwaone wote wawili.

Kwa Leonard hiyo ilikuwa hatua ya njiani. Kwa Kalule ilikuwa pambano la maisha, na kwa anayefuatilia historia lilikuwa pambano ambalo Montreal haikulipata: bingwa wa dunia wa kilo 63.5 wa 1974 na bingwa wa Olimpiki wa kilo 63.5 wa 1976, sasa wote wakiwa wazito kwa zaidi ya kilo sita, mmoja na miaka 27, mwingine 25.

Kalule hakwenda Houston kuchukua fedha na kulala. Leonard alikuwa na mikono ya kasi zaidi na alipiga kwa mafungu, lakini yule mashoto aliendelea kumfuata, kumlazimisha apigane badala ya kucheza, na raundi za kati zilikuwa za kubanana. Leonard mwenyewe alikuwa akiongoza. Mwishoni mwa raundi ya tisa mfululizo wa makonde ulimwangusha Kalule. Alisimama. Mwamuzi Carlos Berrocal alimtazama, akapunga mikono: basi. Sekunde zilizobaki katika raundi zilikuwa chache mno, kiasi kwamba muda uliotangazwa kwanza ulionyesha raundi ilikwishapita dakika tatu, na ikabidi baadaye usahihishwe. Leonard alipiga sarakasi ulingoni kwa furaha.

Je, angepewa nafasi ya kufika kwenye kona, mambo yangebadilika? Sidhani. Leonard alikuwa bora usiku ule, na miezi mitatu baadaye alimsimamisha Hearns raundi ya 14. Lakini bingwa asiyewahi kupigwa, aliyesimama kwa miguu yake na kengele iko karibu kulia, kwa kawaida huvumiliwa kidogo zaidi. Mkanda wenyewe Leonard hakuuhitaji. Aliuachia akarudi kwenye welta. Ukagombewa upya, Tadashi Mihara wa Japani akautwaa, na mapema 1982 Davey Moore, kijana wa Bronx mwenye mapambano machache sana ya kulipwa, akampokonya.

1982–1986: Ulaya

Julai 1982 Kalule alimfuata Moore huko Atlantic City kuutaka mkanda wake, akasimamishwa raundi ya kumi. Novemba mwaka huohuo alikutana na Mjamaika Mike McCallum, aliyekuwa akipanda na ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Baada ya raundi ya saba Kalule hakutoka kwenye kona. Mara tatu ndani ya miezi 17, zote Marekani. Wengi wangeachia hapo.

Alirudi Copenhagen, akapanda uzito wa kati, na akaanza kupigana taratibu kuelekea taji la Ulaya. Alikuwa ameishi Denmaki kwa miaka na alistahili kuligombea. Juni 1985 alimwangusha Mfaransa Pierre Joly raundi ya nane na kuwa bingwa wa Ulaya.

Utetezi wa kwanza ulikuwa Ancona, Italia, Desemba 1985, na kama ningekuwa na uwezo wa kuchagua pambano moja la Kalule nilione tena, ningechagua hilo kabla ya Houston. Mpinzani alikuwa Sumbu Kalambay, aliyezaliwa Lubumbashi na kuhamia Italia. Ubingwa wa Ulaya uligombewa na mtoto wa Kampala anayeishi Copenhagen na mtoto wa Lubumbashi anayeishi Ancona, mbele ya Waitaliano waliokuja kumshangilia Kalambay kama mtu wao. Kalambay alikuwa fundi: hakai mahali pamoja, hajibu anapochokozwa. Kalule alikuwa na miaka 31, na alifanya lile alilolijua, kusogea mbele hadi mwisho. Majaji waligawanyika, na walio wengi wakampa Kalule, ugenini, kama Akita. Ukubwa wa ushindi ule ulionekana baadaye. Kalambay alikwenda kuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka 1987 na kumpa McCallum kipigo chake cha kwanza.

Wiki chache baada ya Ancona, Februari 1986, Kalule alikuwa Sheffield, Uingereza, akitetea taji mbele ya Herol Graham. Graham naye alikuwa mashoto, lakini wa aina nyingine: mikono chini, kichwa kinayumba, ngumi zinampita kwa nywele. Vijana wa Sheffield walimwona kama mchawi. Kalule alimfuata raundi tisa nzima. Katika ya kumi pambano likasimamishwa, na hakupigana tena.

Alipigana mapambano 50 ya kulipwa, akashinda 46 na kupoteza manne. Watatu kati ya waliomshinda, Leonard, Moore na McCallum, walikuwa mabingwa wa dunia kabla au baada ya kukutana naye. Wa nne, Graham, aligombea ubingwa wa dunia mara tatu bila kuupata. Wote wanne walilazimika kumsimamisha. Katika miaka kumi ya kazi hiyo, Kampala hadi Akita, Ancona hadi Atlantic City, hakuna pambano hata moja la kulipwa lililofika mwisho ambalo majaji walimpa mpinzani wa Ayub Kalule.